Mita moja, wapangaji wanne: jinsi ya kumaliza ugomvi wa LUKU na maji kwenye nyumba ya kupanga

Swali ni lilelile, awe anauliza mwanafunzi wa Malimbe, muuza dagaa wa Kirumba au mwalimu aliyehamia Buhongwa wiki iliyopita: "Tumenunua umeme wa elfu ishirini, siku nne umekwisha. Nani anaumaliza?" Halafu linafuata la pili: "Mwenye nyumba anasema hita yangu ya maji ya kuoga ndiyo inayokula, anataka niongeze hela. Nikubali?"

Nimepanga Mwanza miaka kumi na mmoja, kwanza Mabatini, sasa Nyakato, na kwa miaka sita mimi ndiye ninayeshika daftari la umeme la nyumba yetu. Nimeona majirani waliokuwa wakila sahani moja wakaacha kusalimiana kwa ajili ya shilingi elfu tatu. Karibu mara zote hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mita moja, watu wanne, na hakuna aliyewahi kupiga hesabu. Basi tuipige, kabla hujamnyooshea mtu kidole na kabla hujaenda kwa mwenye nyumba na maneno matupu.

Kusanya kwanza

- Mkataba wako wa pango, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili. Tafuta mstari unaotaja umeme na maji. Kama haupo, kumbuka hilo, tutalirudia.
- Ujumbe wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, wa miezi mitatu. Usifute hata mmoja. Waombe na wenzako wautume uliopo kwenye simu zao.
- Bili za MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, za miezi hiyohiyo.
- Daftari moja la nyumba nzima. Simu inapotea, daftari linaning'inia msumarini na kila mtu analiona.
- Simu yenye kikokotoo na saa ya kuhesabu dakika.
- Jioni moja ambayo wapangaji wote wapo. Jumapili ndiyo imewahi kunifaa.

Hatua ya 1: Soma risiti mpaka chini

Watu wengi huangalia tarakimu 20 za tokeni, wakaingiza, wakafuta. Chini yake ndiko kwenye jibu la nusu ya ugomvi.

Angalia uniti ulizopata, kisha makato. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, mteja wa kawaida wa nyumbani yumo kwenye kundi la shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika kama shilingi 356. Ndiyo maana elfu kumi inatoa uniti 28 hivi. Kama risiti yako ya elfu kumi imetoa 23 na kitu, usimtafute mwizi uani. Tafuta mstari wa kodi ya jengo.

Kodi ya jengo ilianza kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ya ghorofa hukatwa zaidi, kwa kila ghorofa. Inakatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Kwa hiyo katika nyumba ya mita moja, yule mwenye haraka anayenunua tarehe moja ndiye anayeilipia kila mwezi, na wenzake wanashangaa kwa nini elfu kumi yake ina uniti chache. Na kama nyumba ilikaa miezi mitatu bila mtu, mpangaji mpya akinunua mara ya kwanza anakatwa ya miezi yote.

Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Wewe umeitanguliza tu, kwa sababu mita iko mlangoni kwako. Iandike pembeni kila inapokatwa, utaidai kwa adabu kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 2: Hakikisha umeme hauvuji

Hii fanyeni usiku, wote mkiwepo. Kila mtu azime kila kitu na achomoe nyaya kwenye soketi: friji, chaja, redio, taa ya nje, pampu. Kisha simameni mbele ya mita. Ina taa ndogo, mara nyingi nyekundu, inayowaka na kuzima kadiri umeme unavyotumika. Mkiwa mmezima kila kitu, taa hiyo inatakiwa itulie.

Kama bado inapepesa, kuna umeme unaokwenda mahali msipopajua. Inaweza kuwa waya uliochubuka ukutani, au kibanda cha jirani kilichounganishwa zamani na mtu aliyekwisha kuhama. Nyumba moja ya Igogo niliyokwenda kusaidia, taa ilikuwa inapepesa taratibu kila sekunde kumi hivi. Tulifuata waya kwa tochi kati ya mawe mpaka kwenye banda la kuku la nyumba ya nyuma, balbu ya kupasha vifaranga joto inawaka. Aliyeiunga alikuwa mpangaji wa miaka iliyopita, na mwenye kuku hakujua kwamba umeme ule hakuwa anaulipia yeye.

Onyo: usikate wala usiunge waya wowote mwenyewe, na mita yenyewe msiiguse kabisa. Kuichezea ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Mkiona taa haitulii, mwambieni mwenye nyumba amlete fundi mwenye leseni. Tatizo likiwa kwenye mita au kwenye waya wa nguzo, ni la TANESCO, shirika la umeme.

Hatua ya 3: Pima chombo kinachobishaniwa

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo watu huacha kugombana.

Kwenye uso wa mita kuna maandishi madogo kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake taa ile ikipepesa mara 1,000 (au 1,600), uniti moja imeliwa. Zimeni vyote, washeni chombo kimoja tu, hesabuni mipepeso ya dakika moja. Zidisha kwa 60, gawanya kwa namba ile ya mita. Umepata uniti zinazoliwa na chombo hicho kwa saa.

Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, ya wati 1,500, kwenye mita ya 1,000 itapepesa mara 25 kwa dakika. Inatisha kuitazama, taa inakimbia. Lakini ndoo moja ya maji ya kuoga ni dakika 20, yaani nusu uniti, kama shilingi 180. Friza la barafu likiwashwa, taa ya mita inapepesa polepole, unaweza kuhesabu huku unapiga soga. Ila lenyewe linajiwasha na kujizima mchana na usiku, siku zote za mwezi, na likiwa kubwa au mpira wa mlango umechoka, uniti mbili kwa siku ni jambo la kawaida.

Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa ziwani ukianza kuuma alfajiri, kila nyumba inapasha maji, na kila mtu anamtazama mwenye hita. Nimepima nyumba nyingi kwa njia hii. Hita inashukiwa kwa sababu inaonekana na inachemka. Ukiacha yule anayeisahau kwenye ndoo akaenda dukani, mara chache ndiyo inayomaliza umeme wa nyumba.

Onyo: hita ya kutumbukiza iwashwe ikiwa ndani ya maji, na izimwe na kuchomolewa kabla hujaingiza mkono kwenye ndoo. Watu hufa kwa hilo. Na kwa chombo chenye kidhibiti joto kama friji au pasi, dakika moja haitoshi. Hesabu kwa nusu saa, au soma uniti zilizobaki kwenye mita jioni na asubuhi.

Hatua ya 4: Gaweni kwa matumizi

Andika kila chumba, kila chombo, wati zake, na saa zake kwa siku. Wati zidisha saa, gawanya kwa 1,000, zidisha siku 30. Mfano wa nyumba ya mita moja yenye wapangaji wanne:

Kijana wa bodaboda ana taa moja na televisheni ndogo: uniti 6.3 kwa mwezi. Mwalimu ana taa mbili, televisheni, feni, pasi na ile hita ya ndoo moja kila asubuhi: 40.5. Familia yenye friji, taa tatu, televisheni na pasi: 52.8. Mama anayeuza barafu na kugandisha samaki kwenye friza: 69. Halafu vya wote, taa mbili za nje zinazowaka usiku kucha na pampu ya kupandisha maji kwenye tenki kwa saa moja: 29.1. Jumla uniti 197.7, kama shilingi 70,400.

Wakigawana sawa, kila mmoja anatoa 17,600. Wakigawana kwa matumizi, na vya wote wakavigawa kwa nne, kijana anatoa 4,800, mwalimu 17,000, familia 21,400, mama wa friza 27,200.

Mwangalie mwalimu. Huyo ndiye aliyekuwa akisemwa kwa ajili ya hita, na mgawo wake karibu haujabadilika. Aliyeumizwa miezi yote ni kijana ambaye hakuwahi kulalamika, shilingi 12,800 kila mwezi. Na mama wa friza si mwizi. Aliambiwa mnagawana sawa, akatoa sawa. Muelezeni hesabu taratibu, mbele ya wote, akiwa ameshika daftari mwenyewe. Kwa kuwa friza ni biashara yake, ataingiza umeme kwenye bei ya barafu zake.

Makadirio haya hayatalingana na mita kamwe, na hayahitaji kulingana. Mkitumia uniti 210 badala ya 197.7, gaweni tofauti kwa uwiano uleule. Msibishanie taa moja.

Hatua ya 5: Maji

Maji ni rahisi zaidi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Fungeni mabomba yote, mtazame kigurudumu kidogo kwenye mita ya maji. Kikizunguka, kuna bomba linalovuja, na mara nyingi ni choo cha kuvuta au koki ya tenki. Uvujaji wa bomba la nyumba ni wa mwenye nyumba kutengeneza, lakini mwambieni siku mnapouona, mpige na picha.

Maji gaweni kwa vichwa, si kwa vyumba. Mtu mmoja na familia ya watu sita hawawezi kutoa sawa. Anayefua nguo za watu kwa malipo au kuosha pikipiki ahesabiwe kama vichwa viwili au vitatu, mkubaliane wenyewe. Kwenye nyumba za mlimani ambako maji hayapandi bila pampu, kumbukeni kwamba sehemu ya gharama ya maji imejificha kwenye LUKU.

Hatua ya 6: Zungumza na mwenye nyumba

Usiende na kundi, na usiende jioni ya siku ya kodi. Mtangulie kwa ujumbe, kisha mfuate na daftari. Huu hapa wa kuanzia:

"Shikamoo mama. Ni mimi mpangaji wako wa chumba cha pili. Mama, tangu mwezi wa saba nimekuwa nikikatwa 1,500 kila mwezi kwenye LUKU, ni kodi ya jengo. Miezi minne imefika 6,000 na risiti zote ninazo. Naomba ukiridhia niipunguze kwenye kodi ya pango ya miezi mitatu ijayo. Jumamosi nitakuja na risiti uzione mwenyewe."

Usipunguze kabla hajajibu. Umri na heshima vina uzito kwenye nyumba zetu, na mwenye nyumba mtu mzima akiona umejikatia mwenyewe atakuona mkorofi hata kama haki ni yako. Wengi wakionyeshwa risiti hukubali papo hapo. Wapo ambao hawakuwahi kujua kwamba inakatwa kwa mpangaji.

Kama yeye ndiye anayekudai, mwombe vitu viwili: uniti, na risiti. "Umeme wako elfu thelathini" si hesabu. Uniti ngapi, kwa bei gani, zilizonunuliwa lini? Uliza kwa sauti ya kawaida, kama unayetaka kuelewa.

Hatua ya 7: Andikeni

Kama mkataba wako hautaji umeme na maji, hapa ndipo pa kuliziba pengo hilo. Mistari mitano inatosha: nani ananunua umeme na kwa zamu ipi, kila chumba kinatoa kiasi gani, chombo kipya kikiingia hesabu inapigwa upya, kodi ya jengo inarudishwaje, bomba au waya ukiharibika analipa nani. Wapangaji watie sahihi, mwenye nyumba atie sahihi, tarehe iwepo. Mmoja apige picha awatumie wote.

Hatua ya 8: Kama mnaweza, tenganisheni mita

Njia ya bei nafuu ni sabmita, mita ndogo ya kila chumba inayofungwa na fundi baada ya LUKU. Mnasoma uniti kila mwisho wa mwezi, mnazidisha kwa bei iliyo kwenye risiti. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba bei ni ileile ya risiti. Nimekutana na wenye nyumba wanaotoza shilingi 500 kwa uniti ya sabmita, na huko ni kumuuzia mpangaji umeme wa TANESCO kwa faida.

Njia ya pili ni LUKU ya kila mmoja. Mwenye nyumba ndiye anayeomba, siku hizi kupitia NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa maombi ya umeme, na mjini, kwa asiyehitaji nguzo, gharama ilipangwa kuwa shilingi 320,960 kuanzia Januari 2022. Ni hela nyingi. Lakini mpangaji mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ana kundi lake la bei: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, karibu theluthi moja ya bei anayolipa sasa akiwa kwenye mita ya watu wanne. Yule kijana wa bodaboda ndiye hasa aliyekusudiwa na bei hiyo, na mita ya pamoja ndiyo inayomnyima. Nyumba ikiwa na mita kadhaa, mwenye nyumba afuatilie kodi ya jengo isikatwe kwenye kila mita.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuzima swichi ya mwenzako kwa siri ili "ajifunze". Samaki wakiharibika kwenye friza, deni lote linahamia kwako.

Kuhamia chumba kipya bila kusoma mita. Siku ya kuhamia, piga picha ya LUKU na ya mita ya maji, mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Deni la maji la mpangaji aliyehama likija, picha itakusemea.

Kulipa umeme mkononi bila kuandika. Elfu tano ya mkononi husahaulika kwa wiki moja.

Mambo yakikwama

*Mwenzako hataki kutoa.* Msimkatie. Aitwe mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akae nanyi uani, daftari likiwa wazi. Mara nyingi hapo ndipo panapoishia.

*Mwenye nyumba amekata umeme ili akutoe.* Andika tarehe na saa, piga picha, nenda serikali ya mtaa siku hiyohiyo. Usiunge mwenyewe.

*Serikali ya mtaa imeshindwa.* Mgogoro wa upangaji unapelekwa Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi hukumu. Linapatanisha, na lina siku 30. Likishindwa, linakuandikia uthibitisho, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaweza kwenda bila uthibitisho huo. Kama umekwisha kuhama na kilichobaki ni deni la fedha tu, Mahakama ya Mwanzo hupokea madai ya namna hiyo.

*Mita inakula hata mkiwa mmezima vyote na fundi hajaona tatizo la nyaya.* Hapo mwenzako hana kosa wala mwenye nyumba hana kosa. Andikeni malalamiko TANESCO, au MWAUWASA kama ni maji, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Msiporidhika na majibu, pelekeni EWURA, ofisi ya Kanda ya Ziwa ipo hapahapa Mwanza. Msiwapelekee ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, hawashughuliki nao.

*Hamna risiti hata moja.* Anzeni upya leo. Someni uniti zilizobaki kwenye mita saa hii, ziandikeni ukurasa wa kwanza wa daftari, na ya nyuma msameheane.